Mnajua Kuaga, Mnajua Kuzika: Na Miezi ya Kungoja?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya za Mwanga na Same

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu kabla hayajawa Mto Pangani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu, na ni mama wa askari wa JWTZ aliyepelekwa mashariki mwa Kongo akarudi salama. Siandiki kwa niaba ya chama wala dhehebu. Nawasemea wazazi, wake, waume na watoto wa askari tunaoishi vijijini, mbali na kambi, ambao ndugu zetu wakiwa misheni sisi tunabaki na simu mkononi.

Jambo langu ni moja. Nchi yetu inajua kumuaga askari, na inajua kumzika. Katikati hapo kuna miezi mingi ya kungoja, na katika miezi hiyo familia haina mahali pake katika mpango wa jeshi wala wa halmashauri. Wengi wetu kilichotushika tusianguke ni kazi za mikono: kudarizi, kufinyanga, kuchonga, kuchora. Naomba kazi hizo mzitambue kuwa sehemu ya matunzo ya familia za walinzi wa amani, na mzipe chumba, vifaa na siku yake.

Nianze na yale mnayoyafanya vizuri. Kikosi kikiondoka, gwaride hupangwa, na kamanda wake hukabidhiwa bendera ya Taifa. Nimeona picha za sherehe hizo na nimejivunia. Msiba ukitokea, jeshi halimtupi mtu wake. Julai 2013, askari wetu 7 walipouawa Darfur, Taifa lilisimama. Desemba 2017, kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini iliposhambuliwa, taarifa za mwanzo zilisema tumepoteza askari 14, kisha idadi ikafika 15. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilitaja shambulio lile kuwa baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wa Umoja huo katika historia ya karibuni. Majeneza yalirudi yamefunikwa bendera, viongozi wakaja kuaga, na vijana wale wakazikwa kwa heshima. Na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao mnarani, na Mkuu wa Majeshi huweka sime.

Hayo yote ni mema na yaendelee. Lakini bendera ikishakabidhiwa na ndege ikishaondoka, mama aliyeko Lang'ata au Kagongo, Suji au Chome, anarudi kwenye shughuli zake bila mtu wa kumuuliza usiku alilalaje. Waliomo kwenye kota za kambi wana majirani wanaoyajua mambo haya. Mke wa askari akimwona mwenzake kanyamaza, anajua kulikoni. Sisi wa vijijini majirani zetu ni wavuvi, wakulima na wafugaji. Wanatupenda, wanatuombea, lakini wakituuliza "Kijana hajambo?" hatuna jibu, maana mara nyingi hatujui. Unapiga simu, unaambiwa namba haipatikani. Unapiga tena. Unazima redio, kisha unaiwasha kwa kuogopa kupitwa.

Januari 2025, mapigano yalipozidi kuzunguka Sake na Goma, mashariki mwa Kongo, vijana wetu walikuwa huko chini ya misheni ya SADC, pamoja na askari wa Afrika Kusini na Malawi. Habari zilikuja vipande vipande. Mmoja anasema mji umeanguka, mwingine anasema uwanja wa ndege umefungwa, wa tatu anatuma sauti ya mtu asiyejulikana akilia. Kisha jeshi likatangaza kuwa askari wetu wawili wamefariki dunia. Kabla ya jina kujulikana, kila mama wa askari aliye Goma ni mfiwa. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo.

Sasa niwaeleze kuhusu kitambaa.

Kijana wangu alipoondoka nilichukua marekani nyeupe, ukubwa wa shuka ya mtoto, nikaichora kwa penseli vyumba vyumba. Kila jambo la nyumbani ambalo yeye hakuliona, nililishonea chumba chake. Mbuzi aliyezaa mapacha. Mjukuu aliyeng'oka jino. Maji ya bwawa yaliposhuka yakaacha tope pana na mitumbwi imelala ubavu. Mwezi ule perege walipopatikana kwa wingi nilimshona samaki mmoja, na magamba yake nikayatia kwa mshono wa mnyororo, pete moja moja, kwa uzi wa fedha na wa kijani. Magamba yale yalinichukua jioni nyingi. Ukishona pete ndogo namna ile huwezi kushika simu, na macho hayawezi kwenda mlangoni kila mara. Pumzi yenyewe inashuka.

Zilipofika zile siku za Goma sikuweza kushona umbo lolote. Sindano ilikwenda moja kwa moja, ukingo hadi ukingo, uzi wa kijivu, mstari chini ya mstari, mpaka chumba kizima kikajaa. Hakuna picha pale. Ni mistari tu, na mingine imepinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.

Viongozi wa SADC walipoamua tarehe 13 Machi 2025 kuisitisha misheni ile, na vikosi vikaanza kutoka kupitia Rwanda hadi Chato, tulijua kwamba wetu nao wanakuja. Kijana alirudi. Siku za kwanza alikuwa mpole kupita kiasi, anakula, anasema asante, anatoka kwenda kutazama maji. Sikumuuliza. Nilikitandika kitambaa mezani nikaendelea na mapishi. Akakisoma kwa kidole, chumba baada ya chumba, akacheka kwa yule mbuzi. Alipofika kwenye mistari ya kijivu akauliza, "Mama, hapa kuna nini?" Nikamwambia, "Hizo ni siku zenu za Goma." Akavuta kiti akakaa. Ndipo alipoanza kunieleza habari za upande wake. Aliyoyasema ni yake na sitayaandika hapa. Ninachowaambia, Waheshimiwa, ni kwamba kitambaa kile ndicho kilichotufungulia mazungumzo mimi na yeye. Mimi kama mama sikuwa na neno la kuanzia.

Wala si mimi peke yangu. Jirani yangu aliolewa huku bwawani kutoka Usangi, na mumewe alikwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi chetu kilichoko chini ya Umoja wa Mataifa. Ufinyanzi Upareni ni kazi ya wanawake tangu zamani, naye alijifunza kwa bibi yake. Mume alipoondoka aliagiza udongo kutoka kwao milimani. Aliuanika, akautwanga, akaupepeta, akauloweka, akaukanda kwa miguu. Kisha akaanza kupandisha chungu kwa mikono, pindo juu ya pindo, akikwangua kwa kipande cha kibuyu na kulainisha kwa kijiwe cha mtoni. Chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, maana jua kali hukipasua, ndipo kichomwe. Aliniambia kwamba siku za udongo ndizo alizopata usingizi.

Yupo pia baba mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache. Mwanawe alipokuwa misheni, alianza kuchonga mitumbwi midogo kwa mabaki ya mbao za fundi, kila mmoja na kasia lake. Wanaume wetu hawaji kwenye kikao cha kuelezana huzuni. Huyu alikuja kukaa nasi wanawake barazani, tulipokuwa tukifanya kazi zetu, kwa sababu alikuwa na kisu na kazi mkononi, hakuhitaji kusema amefuata nini. Ilipita muda mrefu ndipo akasema, bila kuinua macho, kwamba alikuwa anaota mwanawe anaitwa, hasikii.

Na mtoto wa yule jirani yangu, mwanafunzi wa darasa la pili, alimchora baba yake mara nyingi: kofia ya bluu, begi, buti. Mara zote alimchora amegeuka mgongo. Mama yake ndiye aliyetambua. Baba aliondoka alfajiri, mtoto akaamka akamwona kwa nyuma tu, anatoka getini, na hakuna aliyemrudisha ndani aage. Mama akampigia mumewe mtandao ulipopatikana, akamwambia kila akipiga amwambie mtoto, "Nakuona, na wewe nione." Kwa mtoto yule, kalamu ya rangi ilisema jambo ambalo mdomo wake usingeweza kulisema.

Huenda mtasema haya ni maneno ya akina mama. Basi niwape na ya wataalamu. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na Girija Kaimal, walichapisha utafiti waliowafanyia watu wazima 39. Waliwapima kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, kisha wakawapa udongo, kalamu za rangi na karatasi kwa dakika 45, wakawapima tena. Kwa takriban robo tatu ya watu hao homoni ile ilishuka, awe mtu aliyezoea sanaa au asiyejua kushika penseli. Utafiti wa watu 39 ni mdogo na haumalizi hoja, lakini unakubaliana na tunayoyaona hapa barazani.

Na familia za askari wa nchi nyingine zimekwisha kuona faida ya sanaa. Mwaka 2010, katika kambi ya Catterick huko Uingereza, wake wa askari waliokuwa vitani Afghanistan walianzisha kwaya ili miezi ile ipite. Mwaka uliofuata, mwalimu wa muziki Gareth Malone aliunda nyingine na wake wa askari wa kambi ya Chivenor. Mtunzi Paul Mealor alichukua maneno ya barua walizoandikiana na waume zao akayatia muziki, na wimbo ule ukashika nafasi ya kwanza Uingereza wakati wa Krismasi ya 2011. Tangu hapo kwaya za namna ile zimeenea kambi kwa kambi. Sababu ya kudumu kwazo si ule wimbo kupendwa. Ni kwamba mke wa askari aliyehamishiwa kambi mpya alijua jioni fulani kuna mlango ulio wazi, na ndani kuna wanaoelewa.

Hapa kwetu nimewahi kulipeleka jambo hili kwenye ofisi moja. Nilisikilizwa kwa adabu, kisha nikaulizwa, "Soko la hivyo vitambaa liko wapi?" Nikaambiwa tuunde kikundi, tusajili, tuombe mkopo. Mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ni jambo jema, na imewainua wengi. Lakini kitambaa changu hakiuzwi. Mitumbwi ya yule mzee haiuzwi. Nani atanunua mistari ya kijivu? Tukilazimishwa kuifanya kazi hii iwe mradi, tutaanza kushona maua ya kupendeza wanunuzi, na kile kilichotuponya kitaondoka. Anayetaka kuuza aende kwenye mkopo na abarikiwe. Sisi tunaomba tuhesabiwe katika matunzo, kama anavyohesabiwa mtu anayehitaji ushauri nasaha.

Najua pia swali la usalama litakuja, na ni swali la haki. Hatuombi ramani. Hatuombi kujua kikosi kiko wapi wala kinarudi lini. Mama wa askari anajua kunyamaza; amekwisha kunyamaza mbele ya majirani, mbele ya ndugu, na mara nyingine mbele ya watoto wake. Iwekwe kanuni iliyo wazi: kazi isitaje kambi, isioneshe sura ya askari aliyeko kazini, isipigwe picha ya kurushwa mitandaoni. Tutaifuata. Tena nadhani sanaa ni salama kuliko simu. Anayepata mahali pa kuutua moyo wake hana sababu ya kumwaga habari kwenye makundi ya WhatsApp saa nane za usiku.

Kuwaeleza wenye mamlaka habari za nyumba zilizoachwa na wenyewe si jambo geni Upareni. Katika mgogoro wa kodi ya mbiru, miaka ya 1945 na 1946, wanaume walipiga kambi bomani Same kwa miezi, na wanawake wa Usangi wakatoka kumkabili mtawala wa kikoloni wakitaka shauri limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Sisi ni wajukuu wao. Tofauti ni kwamba wao walisema na serikali ya wageni, nasi tunasema na yetu, iliyowapeleka watoto wetu kwa kazi tunayoiamini. Mwaka 2018, askari wa Malawi, Chancy Chitete, alikufa akimwokoa askari wa Tanzania aliyejeruhiwa karibu na Beni, na Umoja wa Mataifa ukamtunukia nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Mtanzania huyo ana watu wake, na Chitete naye alikuwa na watu wake. Kazi ya namna hiyo ina nyumba nyuma yake pande zote mbili.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza, familia iitwe kabla ya safari, na iitwe wilayani. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa jeshi tunayemjua na anayefikika. Huyo awe na orodha ya familia za walioko misheni katika wilaya yake, akutane nazo mara moja kabla ya kikosi kuondoka, na aeleze: mkiwa na hofu mpigieni nani, habari rasmi zitapita wapi, uvumi mfanye nini nao. Wazazi nao waitwe, si wenzi wa ndoa tu.

La pili, tupewe chumba. Hatuombi jengo jipya. Ofisi ya kata, darasa la Jumamosi, ukumbi wa kanisa au baraza la msikiti vinatosha, siku moja kwa wiki, kwa miezi yote kikosi kiwapo nje. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata na Ofisa Utamaduni wa wilaya wasimamie. Vifaa ni marekani, sindano, uzi wa rangi, udongo, karatasi na kalamu za watoto. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kumtibu mtu aliyevunjika moyo. Na wataalamu wa kufundisha tunao: walimu wastaafu wa Sayansi Kimu, wafinyanzi wa Usangi, mafundi wa mitumbwi. Mimi niko tayari kuanza bila posho.

La tatu, Ofisa Ustawi wa Jamii afike pale mara kwa mara. Sanaa haimponyi kila mtu. Wapo waliojaribu sindano wakaitupa, wapo wanaohitaji daktari, na ipo huzuni ya waliofiwa ambayo kitambaa hakiwezi kuigusa. Mtu anayeketi na watu wanaofanya kazi za mikono ataona mapema nani hali, nani halali, nani ameacha kuja. Na askari akirudi, aketi na familia yake mbele ya kazi hizo wakiwa na mshauri karibu, maana kurudi nako kuna ugumu wake.

La nne, kazi hizi zioneshwe na zihifadhiwe. Tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, pawe na meza ya familia, kwa ridhaa ya wenye kazi, na baada ya maonesho kila mtu arudishiwe chake. Makumbusho ya Taifa yapige picha na kuandika maelezo. Tunajua walipolala mashujaa wa Vita vya Kagera pale Kaboya, Muleba. Waliongoja nyumbani mwaka 1978 na 1979, mama zao na wake zao, walifanya nini na mikono yao katika miezi ile? Hatukuwauliza, na wengi wao wamekwisha kuondoka. Walioko hai bado wanaweza kuulizwa mwaka huu.

Mheshimiwa Waziri, Mkuu wa Majeshi, nanyi Wakurugenzi: mnapompeleka kijana nje mnapeleka na usingizi wa watu wake. Hilo haliwezi kuepukwa, na hatuwalaumu kwa hilo. Mnachoweza kukifanya ni kutambua kwamba kungoja nako ni utumishi, na utumishi wowote unahitaji vifaa na uangalizi. Askari anayejua kwamba mama yake hakai peke yake atasimama lindoni akiwa na utulivu zaidi. Hilo nimeambiwa na askari mwenyewe.

Naomba majibu kupitia Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ya Mwanga au ofisi ya kata. Mkikubali jaribio katika kata moja tu, kwa muda wa kikosi kimoja, tutaandika kila kinachofaa na kisichofaa, na mwisho wa muda huo tutawakabidhi taarifa ili wilaya nyingine zianzie pale tulipofikia.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa askari,
Nyumba ya Mungu, Mwanga